Mahali pa Masika

Sipendi namna wafu wanavyosimuliwa. Mtu akishazikwa tu, anageuka kuwa mpole, mcheshi na mwenye subira, na wale waliokuwa wakimkwepa akiwa hai wanajitokeza kusema walikuwa karibu naye. Kwa hiyo niseme mapema kwamba Sumitra hakuwa mpole. Alikuwa mkali, alikatiza watu maneno, na chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi kiasi kwamba Afande alisema ingefaa kusafishia bunduki. Habari za kifo chake zilinifikia kwa ujumbe wa sauti kutoka India, kwa mumewe, Bwana Prakash. Aliongea Kiingereza cha taratibu kama mtu anayesoma tangazo, na alipomaliza akasahau kuzima simu, nikasikia maji yakimwagwa kwenye ndoo na mlango ukifungwa. Niliusikiliza mara ya pili kwa sababu ya ule mlango. Kisha nikampigia Biira, anayeuza vitenge na vitunguu kule Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Hakulia wala hakuuliza amekufa na nini. Alisema, "Kuya huku, tukule pamoja," nami nikaenda.

Tulikuwa wanne chumbani kwake, watu wote waliobaki wa kikundi cha maigizo cha Sumitra. Biira mwenyewe, ambaye ndiye alikuwa mwigizaji wetu bora. Mama Akinyi, mke wa fundi wa kiwanda cha saruji, aliyekuja Kasese na mumewe kutoka Kenya na akabaki hata baada ya mumewe kustaafu. Na Afande, mwanajeshi wa zamani ambaye sasa ni mlinzi wa stoo, na ambaye jina lake halisi nililijua baada ya miezi. Biira alikuwa amepika bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, na makayabo, samaki wa chumvi, ambao walikuwa wameloweshwa muda mfupi mno. Tulianza kula. Halafu Mama Akinyi akasema, "Saa hii angekuwa ametugombeza. Angesema mnatafuna kama watu wanaigiza kutafuna." Tukacheka, na tulipokwisha kucheka hakuna aliyejua aangalie wapi. Nilijiuliza, kama ninavyojiuliza kuhusu kila kitu, kwa nini mwongozaji wa michezo ya Kihindi aombolezwe Bwera na mlinzi, muuza vitunguu na mama wa Kijaluo, wakati hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mchezo wake wowote wa Kihindi. Jibu nililo nalo ni mwaka mmoja tu, na sina hakika kama linatosha.

Mwaka huo nilikuwa nimerudi Kasese na shahada ya falsafa ambayo hakuna mtu pale aliyekuwa na haja nayo. Niliposikia kwamba mke wa injinia mmoja Mhindi anatafuta mtu wa kumtafsiria, kwa sababu anataka kutengeneza mchezo na wafanyakazi na wachuuzi, nilikwenda nyumbani kwake katika nyumba za kiwanda nikiwa nimekusudia kubishana. Nilikuta sebule isiyo na fanicha katikati. Viti vilikuwa vimesukumwa ukutani, zulia limekunjwa, na sakafu imepigwa deki ikang'aa, jambo ambalo si dogo mahali ambapo vumbi la saruji linalala hata juu ya majani ya mipapai. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, nywele zimefungwa kwa kalamu. Aliniangalia miguu. "Viatu nje," akasema. Nilivua, nikamwuliza kabla sijakaa kwa nini amechagua sisi, kwa nini hapa, na nani amempa haki ya kuja kutuambia tusimameje. Akanimiminia chai. "Niko hapa," akasema. "Ulitaka nifanye kazi mahali ambapo sipo?" Nilikasirika, na kesho yake nikarudi.

Maisha yake niliyapata vipande vipande, hasa jikoni, akichagua mawe kwenye dengu. Alizaliwa katika mji mdogo kando ya mto, akaingia kwenye kikundi cha michezo akiwa msichana, na kwa miaka ya kwanza kazi yake ilikuwa kuwapikia waigizaji chai na kuwanong'onezea maneno waliyoyasahau, akiwa amejificha nyuma ya pazia. "Nilijua michezo yote kwa sauti ya chini," alisema. Mara ya kwanza alipopewa mchezo auongoze, wanaume hawakuja kwenye mazoezi. Akapanga viti, akakipa kila kiti jina la mwigizaji mmoja, akafanya mazoezi na viti. Akavikemea viti, akavisifu, akavisogeza. Wanaume walianza kuja kuchungulia dirishani kuona wazimu huo, mwishowe mmoja akaudhika kwamba kiti chake kinasifiwa kuliko yeye, akaingia. Baada ya hapo aliongoza kwa zaidi ya miaka thelathini. Alisafiri na kikundi kwa treni, wakilala juu ya mabunda ya mapazia. Alikuwa na kanuni moja ambayo huko kwao hakuivunja kamwe, kwamba mwigizaji habadilishi mchezo, mwigizaji anabadilika yeye. Halafu ukumbi wao ukauzwa ukawa ukumbi wa harusi, watu wakatawanyika kwenda kutafuta kazi za televisheni, na mumewe akapata mkataba Uganda. Haya yote aliyasema bila kuacha kuchagua dengu. Nilimwuliza kama ilimuuma. "Beti," akasema, maana aliniita hivyo, binti, "unauliza maswali kama askari."

Mchezo aliotaka kufanya na sisi aliwahi kuuongoza mara kadhaa huko kwao. Ni hadithi rahisi. Mama anapika chakula cha jioni na kumngojea binti yake mkubwa, aliyekwenda mjini zamani na kuahidi kurudi. Watoto wengine wanagombana, baba anatania, majirani wanapita. Katika sehemu ya mwisho binti anaingia, na sehemu hiyo ndefu ndiyo mchezo wenyewe, kwa sababu aliyerudi si yule waliyekuwa wakimngojea. Mama Akinyi alikuwa mama. Afande alikuwa baba. Biira alikuwa binti mkubwa. Tulifanya mazoezi Bwera, kwenye stoo ya mahindi na kahawa ya Hajji mmoja mwenye malori, kwa sababu Sumitra alisema watu wa sokoni ndio wanaojua kungoja. Safari kutoka Kasese ilipita katikati ya mbuga, na mara nyingine dereva alisimama nyani wavuke barabara. Hajji alitupa stoo bure ila akataka awe anaketi mlangoni na kutoa maoni. Alipoona sote tunavua viatu na Sumitra anagusa sakafu kwa vidole, kisha paji la uso, kabla ya kuanza, alicheka. "Huyu mama iko natuswalisha na hatujui," akasema. "Basi muanze. Mi niko imamu wa magunia."

Kosa lilianzia kwenye furaha. Siku moja, tukinywa chai juu ya magunia, Mama Akinyi alikuwa akimtania Biira kwamba Wakonzo, kabila lake, hawajui kuchagua majina, wanahesabu watoto tu. Ni kweli kwamba majina yao yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na kuendelea. Nilimtafsiria Sumitra, naye akaweka kikombe chini. Kwao pia, akasema, nyumbani binti wa kwanza anaitwa Badki, yaani Mkubwa, na mdogo wa mwisho Chhutki, na kuna majumba ambamo mtu anazeeka bila watu kukumbuka jina lake jingine. Macho yake yalikuwa yameng'aa. Kwa miezi alikuwa akitafuta jina la yule binti wa kwenye mchezo, na "dada mkubwa" lilikuwa likisikika kama tangazo la redio. "Masika," alisema, akilijaribu mdomoni. "Mama anasimama mlangoni, anaita Masika. Hilo ndilo." Hakuna aliyepinga. Mimi nilimwambia jina hilo ni kama nambari, na wakati ule niliamini hivyo.

Mazoezi yaliyofuata, Mama Akinyi alisimama kwenye mlango wetu wa kuchora kwa chaki, akaita, "Masika. We Masika." Biira alitakiwa atoke nyuma ya magunia. Hakutoka. "Tena," akasema Sumitra, kwa Kiswahili, neno alilolijua kuliko yote. Mama Akinyi akaita. "Tena." Afande akapaza sauti ya jeshini, "We mutoto, toka. Unaitwa." Biira akatoka, lakini alitoka kama yeye mwenyewe, mikono imekunjwa.

"Mi siingie na hiyo jina," akasema. "Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi?" akauliza Afande.

"Mutoni."

Hajji, pale mlangoni, aliacha kutafuna. Kwa watu wa Bwera hilo halikuhitaji maelezo, kwa sababu mto wa mpakani ukifurika huchukua madaraja na mbuzi na watu. Dada yake Biira alichukuliwa wakiwa wadogo, na hakuonekana tena. Nilimtafsiria Sumitra kwa sauti ya chini. Aliuliza swali ambalo hata leo sijui kama lilikuwa la ukatili au la kazi. "Mwambie kwetu Badki akifa, wa pili anakuwa Badki. Mtu lazima awe mkubwa. Mwulize, hapa si hivyo?" Nikauliza. Biira akanitazama mimi, siyo yeye. "Digrii," akasema, maana ndivyo walivyoniita, "umeishi hapa miaka yote na hujui? Mi niko Biira. Nikikuwa na miaka mia, niko Biira. Mbele yangu kuko mutu."

Sumitra alitaka kwenda kwa mama yake Biira, nami nikadhani anakwenda kuomba ruhusa, au kushinikiza. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko, ukuta wa mbele umepakwa udongo mwekundu hadi usawa wa dirisha. Njia nzima watu walikuwa wakituelekeza kwa jina la mama huyo, na ilinichukua muda kusikia walichokuwa wakisema. "Kwa Mama Masika? Piteni hapo." "Mama Masika beko nyuma, anaanika muhogo." Mji mzima ulikuwa ukimwita kwa jina la mtoto wake aliyekufa maji, kila siku, wakimsalimia, wakimuuzia sabuni. Alitukaribisha, akatupa maji ya kunawa, akatupa sombe, yaani kisamvu, na bundu kabla hajauliza shida yetu. Sumitra alikula kwa mkono, vizuri, akimaliza. Kisha akaniambia niulize ana mabinti wangapi.

"Iko tatu," akasema Mama Masika.

Biira alikuwa kando yake. Kabugho, mdogo wao, alikuwa nje anaosha sufuria. Sumitra aliwatazama, mmoja, kisha mwingine, na hakuuliza wa tatu. Mama ndiye aliyeendelea, akisafisha mkeka kwa kiganja. "Biira ameniambia mambo ya muchezo. Mi sikatai muchezo. Lakini sikia, mama. Nikimupa Biira ile jina, sasa nani amekufa? Masika iko hapa, anaigiza. Biira ndiyo hayuko. Nitakuwa nimezika mutoto ambaye iko muzima." Nilikuwa nimesoma mantiki kwa miaka mitatu, na nilitafuta kasoro katika hoja hiyo tangu pale mkekani hadi Kasese. Niliitafsiri polepole, neno kwa neno. Sumitra aliinamisha kichwa. Alisema kwa Kiswahili chake, "Samahani, Mama Masika," na nadhani hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akimwambia yeyote neno hilo.

Garini alikaa akiangalia mbuga. Tulipofika karibu na barabara inayoelekea Mweya alisema, kama anayezungumza na kioo, kwamba hakuna atakayeingia. Mama ataita, na hakuna atakayeingia. Biira atakuwa Biira, binti wa pili. Nilimwambia kwamba hiyo ina maana ya kutupa theluthi nzima ya mchezo na kuanza upya, naye akasema anajua kuhesabu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba siku ile alikuwa tayari na majibu ya daktari wa Kampala kwenye mkoba wake. Alitakiwa arudi kwao akatibiwe mapema, na tiketi zilikuwa zimekwisha kukatwa, za siku chache baada ya tarehe tuliyokuwa tumepanga kuonyesha. Bwana Prakash ndiye aliyeniambia, amesimama uani kwao na soksi tu miguuni, mtu mkimya asiyezoea kuomba. "Wewe anakusikiliza," alisema. "Mwambie atafute msichana mwingine. Wasichana wapo. Aonyeshe mchezo wake kama ulivyo, auone, halafu twende." Nilikubaliana naye kabisa. Nilimkuta Sumitra jikoni, nikamweleza hoja moja baada ya nyingine. Kabugho angeweza kukataa, sawa, lakini kulikuwa na Wajaluo, Waganda, Wanyankole, mtu yeyote ambaye jina hilo halimgusi. Kazi yake ya mwisho ingeonekana na macho yake mwenyewe. Kwa ajili ya nani aikose? Bado naona hoja zangu zilikuwa nzuri.

Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Nimeshawashinda waigizaji wengi," akasema. "Mmoja alikuwa amefiwa na baba yake asubuhi, nikampandisha jukwaani jioni, na watu wakasimama kupiga makofi. Nilijivunia. Jana usiku nimejaribu kukumbuka uso wake, nimeukosa. Nakumbuka taa tu." Akaendelea kukatakata vitunguu. "Yule mama amenilisha kwanza, ndipo akanikatalia. Nitamletea Mjaluo aitike?" Nikamwambia hiyo ni hisia, si hoja. "Ndiyo," akasema. "Leta chumvi."

Tulifanya kazi kama watu wanaokimbizwa. Alikuja Bwera kila siku mpaka Hajji akaanza kumletea kiti chenye mto, ambacho alikikataa kisha akakikalia. Aligeuza kila kitu. Ugomvi wa watoto sasa ulikuwa juu ya sahani, kwa kuwa mama alipakua sahani moja zaidi na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwisho, mama anaita Masika mlangoni, wanangoja, na Biira ndiye anayevunja kimya kwa kusema, "Chakula kinapoa. Tule." Maneno hayo tu. Sumitra alimfanyisha Biira maneno hayo mpaka Biira akasema, "Huyu mama ataniuwa na hii chakula." Lakini mchezo haukuwa tayari. Siku yao ya kuondoka ilifika kabla. Asubuhi ile alipita Bwera, ingawa ilikuwa kinyume cha njia yao, akavua viatu, akagusa sakafu ya stoo, akagusa paji lake. Hakutoa hotuba. Alimrekebisha Afande namna ya kushika kikombe. Akamwambia Biira, kwa Kiswahili alichokuwa amekiandaa, "Mimi kuenda, mimi kurudi, mimi kuona." Mumewe alikuwa ameshika viatu vyake mlangoni. Alimvisha kimoja baada ya kingine, kwa kuwa kuinama kulikuwa kumeanza kumshinda.

Tulionyesha mchezo siku ya soko, mchana, stoo imejaa hadi watu wamekaa juu ya mahindi. Wengi walivuka kutoka upande wa Kongo wakiwa na mizigo yao. Walimcheka Afande pale alipotakiwa kuchekwa, wakamshauri Mama Akinyi kwa sauti kuhusu mchuzi wake. Kisha akasimama mlangoni mwa chaki akaita, "Masika. We Masika." Stoo ikanyamaza. Mama Masika alikuwa mstari wa mbele, amekaa chini, miguu ameinyoosha. Mama Akinyi akaita tena, na katika kimya kile mama yule akajibu kutoka pale alipokaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejibu jirani, "Beko njiani. Mumuwekee." Hakuna aliyecheka. Sasa ilikuwa zamu ya Biira kusema chakula kinapoa. Hakusema. Alisimama na mwiko mkononi, tukangoja, na kungoja kulipita pale ambapo mchezo unaweza kuvumilia. Mwishowe Afande, ambaye hajawahi kuvumilia kitu, akasema, "Haya. Kula," wakala, na watu wakainuka polepole kurudi sokoni bila kupiga makofi.

Kesho yake nilimpigia Sumitra hospitalini. "Usiniambie ilikuwa nzuri," akasema. "Niambie nani alisimama wapi." Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye jibu la Mama Masika aliniambia nilirudie neno kwa neno. "Na Biira?" Nikasema hakutamka maneno yake. "Aliyasahau au aliyaacha?" Sikujua. "Mwulize. Mwigizaji akisahau, ni kosa, tunarekebisha. Akiacha, huo ni mchezo mwingine, na mimi nataka kuujua." Nilimwuliza Biira wiki ile, akasema, "Wacha ile mambo." Nilimwuliza mwaka uliofuata, akabadilisha mazungumzo. Kila tulipoongea, Sumitra aliuliza kwanza hilo, kabla ya salamu, hata sauti yake ilipokuwa nyembamba kama uzi. Katika simu za mwisho hakuuliza tena, na sikujua kama amechoka au ameamua mwenyewe jibu.

Mwezi uliopita, pale chumbani Bwera, Mama Akinyi na Afande walipoondoka kuwahi gari la Kasese, nilibaki kumsaidia Biira kuosha vyombo. Alikuwa amenipa mgongo. "Ile kitu alikuwa anauliza," akasema, bila mimi kutaja. "Sikusahau. Maneno ilikuwa hapa, kwa mudomo. Mama alipojibu, niliona nikisema tukule, itakuwa tumemukulia Masika chakula yake. Nikaona nimungoje kidogo."

"Ungemwambia," nikasema. "Aliuliza miaka yote hiyo."

"Kwa simu?" Aligeuka, mikono inadondosha maji. "Alisema kwa mudomo yake anarudi kuona. Mutu akisema anarudi, unamuwekea."